Mwenye Shughuli na Wapigaji Wake: Vijana wa Zumari na Ngoma Kusini mwa Pwani ya Kenya

Munje ni kijiji cha wavuvi na wakulima kilichoko kusini ya Msambweni, katika ukanda wa vijiji vya Washirazi unaofuata ufuo kupitia Bodo, Funzi na Wasini hadi Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, na wenyeji wake wameishi kwa karne kadhaa wakipakana, wakioana na wakishirikiana kazi na Wadigo, ambao ni wengi katika Kaunti ya Kwale. Lahaja za ukanda huu ziliwavutia wasomi mapema: H. E. Lambert alichapisha kijitabu kuhusu Kivumba mwaka 1957 na kingine kuhusu Kichifundi mwaka 1958, na kabla yake A. C. Hollis alikuwa ameandika historia ya dola ya Vumba mwaka 1900. Muziki wake nao umetajwa mara nyingi, lakini umetajwa kwa majina ya ngoma, yaani sengenya, kirumbizi, chakacha, lelemama na nyinginezo, huku vijana waliozipiga wakiachwa bila historia, kana kwamba ngoma zilijipiga zenyewe. Anayeufuatilia muziki huo kwa upande wa vijana hao huona jambo moja likijirudia katika kila kipindi: ukubwa wa kundi, muda wa mafunzo na hata uchaguzi wa ala havikuamuliwa na wapigaji peke yao, bali vilifuata kwa sehemu kubwa mkono wa yule aliyelipa, ambaye watu wa pwani humwita mwenye shughuli.

Kundi dogo linaloweza kusimamisha ngoma ya pwani ni la watu watatu: mpiga zumari mmoja na wapiga ngoma wawili, mmoja akishika vumi na mwingine chapuo. Zumari ni ala ya kupulizwa iliyochongwa kwa mti na kupanuka kuelekea chini, yenye matundu ya vidole na kilimi cha jani la mti wa jamii ya mnazi kilichofungwa kwenye kijineli chembamba cha shaba, na chini ya kilimi hicho huwekwa kisahani ambacho midomo ya mpigaji hukiegemea. Vumi ni ngoma ya sauti nzito inayoshikilia mwendo bila kuyumba. Chapuo ni ndogo, ya sauti ya juu, nayo hukatiza, hujibu na kuongeza kasi pale wachezaji wanapochangamka. Shughuli ikiwa kubwa huongezwa msondo, yaani ngoma ndefu, na katika sengenya ya Wadigo, ambao zumari huiita nzumari, ngoma kadhaa zenye sauti tofauti hupangwa pamoja na vyuma vya kugongwa, hata kundi likawa la watu wengi. Hata hivyo kundi la watatu ndilo la msingi, na mantiki yake ni ileile ya trio katika muziki wa kitaaluma wa Ulaya, yaani kundi la wapigaji watatu wa muziki wa sebule ambao hawana kiongozi wa kuwapungia mkono: kila sauti ina mtu mmoja tu, hakuna wa kujificha nyuma ya mwenzake, na anayekosea husikika na wote.

Ugumu wa zumari hauko vidoleni bali kifuani na mashavuni, kwa sababu mpigaji hutakiwa kuendeleza sauti bila kukatika, akivuta hewa kwa pua huku mashavu yake, yaliyojazwa mithili ya viriba, yakisukuma pumzi iliyobaki kwenye kilimi, na ufundi huo haufundishiki kwa maneno matupu. Kijana aliyetaka kuujua alimfuata fundi, yaani mpigaji aliyekwisha kukubalika, akambebea ala, akaota naye moto wa makuti ambao ngozi za ngoma hupashiwa ili zikaze, akajifunza kuwamba ngozi iliyolegea, na kwa kawaida akaanzia kwenye vumi, kwa kuwa anayeshikilia mwendo huwasikia wenzake kuliko wanavyomsikia yeye. Mwanagenzi, yaani anayejifunza kazi chini ya fundi, hakulipwa mshahara. Alipata chakula cha shughuli na sehemu ndogo ya tuzo, na katika kazi za ufundi za pwani alipohitimu ilikuwa desturi ampe mwalimu wake kilemba, jina la zawadi ya kuaga uanagenzi hata kama ilitolewa kwa fedha na si kwa nguo. Mpango huo ulikuwa na gharama iliyofichika: familia iliyomruhusu kijana kumfuata fundi wa zumari ilikubali kupoteza mikono yake baharini au shambani kwa misimu kadhaa, na ndiyo maana ufundi huu ulielekea kubaki ndani ya nyumba zilezile, ambako mwalimu alikuwa baba, mjomba au kaka mkubwa na kazi ya kutwa iliweza kugawanywa.

Mwenye shughuli wa kwanza anayejulikana katika ukanda huu ni dola yenyewe. Vumba Kuu, ambayo magofu yake yako karibu na Vanga, ilitawaliwa na madiwani, cheo cha watawala wa pwani hiyo, na makao yao yalihamia baadaye Wasini na Vanga. Katika miji ya Waswahili utawala ulikuwa na sauti zake maalumu: ngoma kuu na siwa, yaani baragumu kubwa linalopulizwa kwa ubavuni, zilihesabiwa miongoni mwa alama za enzi, na hazikupigwa na kila mtu wala katika kila jambo. Hollis alieleza jinsi kutawazwa kwa diwani kulivyohitaji karamu kubwa na zawadi kwa majirani na washirika, wakiwemo Wadigo na Wasegeju, jambo linaloonyesha kwamba sherehe haikuwa pambo la siasa bali ilikuwa sehemu ya mkataba wenyewe, kwa kuwa jirani aliyekula na kucheza katika kutawazwa alikuwa ameshuhudia na kukubali. Wapigaji wa sherehe za namna hiyo walifanya kazi ya ushahidi. Walilishwa, walivishwa na kupewa heshima ya siku kadhaa, lakini heshima hiyo ilishikamana na enzi na haikuwafuata nyumbani, kwa maana katika miji mingi ya pwani kupiga ngoma kwa malipo kulihesabiwa kazi ya watu wa tabaka la chini, na mwungwana aliyependa muziki alipendelea kuutungia mashairi kuliko kuupiga.

Hali hiyo haikuwa ya pwani peke yake. Joseph Haydn, ambaye trio zake na kwateti zake, yaani tungo za wapigaji wanne, hupigwa na vijana wa vyuo vya muziki duniani kote, aliingia katika utumishi wa ukoo wa Esterházy mwaka 1761, akavaa sare ya watumishi wa nyumba, na kwa kuwa bwana wake, Nikolaus Esterházy, alipenda kupiga baritoni, ala ya nyuzi ambayo leo karibu imesahauliwa, Haydn alimtungia zaidi ya trio 120 za ala hiyo pamoja na viola na selo. Idadi ya wapigaji, uchaguzi wa ala na kiwango cha ugumu vilipimwa kwa mkono wa bwana aliyelipa, ambaye naye alikaa kwenye kiti kimoja kati ya vitatu. Bwana huyo alipofariki mwaka 1790, mrithi wake alilivunja kundi la wapigaji, na Haydn akaenda kutafuta riziki London kwa watu walionunua tiketi. Tofauti ya Vumba na Esterházy ni kwamba Haydn aliacha karatasi nyingi nyuma yake, ilhali mafundi wa Vumba waliacha wanafunzi tu.

Upande wa kusini mwa pwani ya Kenya, mwisho wa mabwana wa zamani ulikuja kwa bunduki na kwa sheria. Wamazrui wa Gazi, chini ya Mbaruk bin Rashid, walikuwa na nguvu kubwa katika ukanda huu katika nusu ya pili ya karne ya 19, lakini vita vyake na Waingereza vilivyoanza mwaka 1895 vilimalizika mwaka 1896 kwa yeye kuvuka mpaka na kuingia katika himaya ya Wajerumani, ambako aliishi Dar es Salaam hadi kifo chake. Utumwa ulipopigwa marufuku katika pwani ya Kenya mwaka 1907, nyumba kubwa zilipoteza watu waliozilimia mashamba, na pamoja nao zikapoteza uwezo wa kulisha wapigaji kwa siku saba mfululizo. Kazi ya muziki haikufa. Ilihama kutoka kwa mtawala mmoja kwenda kwa wazazi wengi wenye mabinti wa kuoza.

Mabadiliko hayo yalibadilisha kalenda ya maisha ya kijana mpigaji. Katika vijiji vya Waislamu Ramadhani huwa kimya, na ikishaisha, miezi inayofuata, ambayo pwani huihesabu kwa jina la mfungo kuanzia Mfungo Mosi, hujaa harusi, huku Mfungo Sita ukiwa mwezi wa Maulidi. Kalenda hiyo ya mwezi huzunguka mwaka wa jua, kwa hiyo kuna miaka ambayo msimu wa harusi ulikutana na kaskazi, bahari ikiwa tulivu na wavuvi wakiwa na fedha, na kuna miaka ambayo ulikutana na kusi, mashua zikiwa zimefungwa na mwenye shughuli akihesabu kila senti. Mwaka mzuri uliita zumari, vumi, chapuo na msondo. Mwaka mbaya uliita watatu, au ngoma mbili bila zumari. Malipo yenyewe yalikuwa na sehemu mbili: arubuni, yaani fedha za kufunga makubaliano, ambazo aghalabu zilikuwa ndogo, na tuzo zilizotolewa uwanjani, pale jamaa wa bibi au bwana harusi walipotoka mmoja mmoja kumtunza mpigaji mbele ya watu. Sehemu hii ya pili ndiyo iliyomlisha, na ndiyo iliyomfundisha kijana kitu ambacho hakuna chuo kinachokitahini, yaani kusoma uwanja, kujua ni nani ana jina la kulindwa usiku huo na ni wakati gani wa kumsogelea na zumari hadi aone haya kutotoa.

Mombasa, ng'ambo ya Likoni, ilivuta vijana hao na kuwabadilisha. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walioanzisha kituo cha Frere Town katika miaka ya 1870 walikuwa na bendi ya matarumbeta, na kutokana na mifano kama hiyo pamoja na bendi za kijeshi ilizuka beni, ngoma ya vyama vilivyoshindana kwa magwaride, vyeo na mavazi ya kuiga maofisa, ambayo Terence Ranger aliifanyia utafiti wa kitabu kizima kilichotoka mwaka 1975. Upande wa wanawake, vyama vya lelemama kama Ibinal Watan na Banu Saada vilishindana Mombasa kwa karamu na mapambo, jambo alilolieleza kwa kina Margaret Strobel mwaka 1979. Kwa mpigaji, mashindano hayo yalikuwa neema, maana chama kinachoogopa kushindwa hakipunguzi wapigaji. Huenda hakuna kipindi ambacho makundi ya pwani yalikuwa makubwa kuliko hicho, na ni kosa kukichukua kuwa kipimo cha zama zote, kama wafanyavyo baadhi ya wanaolalamika kwamba ngoma za siku hizi zina watu wachache. Uchache ndio uliokuwa desturi, na wingi ulikuwa matunda ya ushindani wa muda.

Zanzibar inatoa kipimo kizuri cha hoja hii. Huko, taarabu ya vilabu kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, ilikua kuelekea okestra yenye fidla nyingi, kanuni, yaani ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, pamoja na udi na akodiani. Wakati huohuo watu wasio na uwezo wa kuialika walikuwa na kidumbaki, yenye fidla moja, ngoma mbili ndogo, ala za kugongwa na sanduku la chai lililogeuzwa kuwa besi. Nyimbo ziliweza kuwa zilezile. Kilichobadilika ni mfuko. Hata Siti binti Saad, aliyezaliwa katika familia yenye asili ya utumwa na ambaye wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri alifuatana na wapigaji wachache tu, akiwemo mpiga udi kipofu Mbaruk, na ni kundi hilo dogo, si okestra, lililoifikisha taarabu ya Kiswahili kwenye gramafoni za pwani nzima. Mombasa ilishika njia hiyohiyo: wasanii kama Zein l'Abdin na Juma Bhalo walijenga majina yao kwa udi au kinanda, ngoma za mkono na ala moja au mbili za kusindikiza, na maduka kama Mbwana Radio Service yakasambaza kaseti zao hadi vijiji ambavyo wapigaji wenyewe hawakuwahi kufika. Kijana wa Munje aliyekulia katika miaka ya 1970 na 1980 aliweza kujifunza kwa kuisikiliza kaseti ileile mara nyingi, na kwa mara ya kwanza mwalimu wake akawa mtu asiyehitaji kupewa kilemba.

Karibu na kijiji, kiwanda cha sukari cha Ramisi kiliwakusanya wafanyakazi kutoka pande nyingi za Kenya hadi kilipofungwa mwaka 1988, na kikaleta fedha za mwisho wa mwezi katika ukanda uliozoea fedha za msimu. Baada ya uhuru serikali nayo ikawa mwenye shughuli. Bomas of Kenya ilianzishwa Nairobi mwaka 1971 ili kuonyesha ngoma za makabila jukwaani, na vikundi vya ngoma vikawa sehemu ya kila ziara ya rais. Msambweni yenyewe ilikuwa mahali pa mojawapo ya hafla za mwisho za Jomo Kenyatta kabla ya kufariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Mpigaji wa hafla za serikali alipelekwa kwa lori, akasimama juani kwa saa nyingi na kupiga kwa dakika chache, na malipo yake yalipitia kwa kiongozi wa kikundi, jambo lililozaa cheo kipya katika muziki wa kijiji: mwenyekiti, ambaye huenda hajui kupiga chochote.

Hoteli za Diani zilikwenda mbali zaidi. Tangu miaka ya 1970 ufuo wa Diani ulijaa hoteli kubwa zilizohitaji muziki kila jioni, na bendi ya Them Mushrooms, ambayo wimbo wake kuhusu salamu na wageni ulienea mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilithibitisha kwamba mkataba wa hoteli unaweza kumlisha mwanamuziki mwaka mzima. Vikundi vya ngoma vilipata sehemu yao ya soko hilo, lakini kwa masharti mapya. Mgeni hakumtunza mpigaji uwanjani, hakujua tofauti ya ngoma ya harusi na ngoma ya pepo, yaani ile ya kutuliza mashetani, na muda wa onyesho ulikuwa mfupi, kwa hiyo ngoma zilizohitaji usiku kucha zilikatwa vipande na kuunganishwa. Zumari ikawa ala ya kufungulia onyesho. Kijana aliyejifunzia kazi hotelini alijua mianzo mingi na mwisho mmoja. Tena soko hilo lilikuwa dhaifu kuliko lilivyoonekana: ghasia zilizoanzia Likoni mwezi Agosti 1997, maonyo ya usafiri ya mwaka 2014 na janga la korona la mwaka 2020 kila moja liliacha hoteli zikiwa tupu, na wapigaji waliokuwa wameacha uvuvi wakarudi baharini wakiwa wamepitwa na miaka ya kujifunza.

Kijijini kwenyewe palikuwa na mabishano ya aina nyingine. Baadhi ya masheikh walipinga ala za kupulizwa na ngoma zenye mchanganyiko wa wanaume na wanawake, huku wakiruhusu dufu na twari, yaani matari yanayopigwa kwa mkono, katika Maulidi na harusi. Athari yake kwa vijana haikuwa kuacha muziki bali kuuhamisha: mkono uliofaa kwa chapuo ulifaa pia kwa twari, na familia iliyoona haya kuwa na mpiga zumari iliona fahari kuwa na kijana anayeongoza kasida. Zumari ndiyo iliyopoteza wanafunzi, si ngoma.

Elimu rasmi ya muziki ilifika mbali na Munje. Kenya Conservatoire of Music ilifunguliwa Nairobi mwaka 1944, na Kenya Music Festival, iliyoanza mwaka 1927, hatimaye ikawa mashindano ya shule ambamo nyimbo za jamii zinapimwa kwa alama. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliufanya muziki kuwa somo katika shule za msingi, lakini somo hilo liliondolewa katika mtihani wa taifa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kisichotahiniwa nchini Kenya hakikawii kukosa mwalimu. Mradi wa Ghetto Classics, ulioanzia mtaa wa Korogocho jijini Nairobi mwaka 2008, umeonyesha kwamba watoto wa mitaa maskini wanaweza kupiga fidla na selo kwa kiwango cha okestra wakipewa ala na walimu. Kwa kijana wa pwani ya kusini, mfano ulio karibu zaidi kwa utamaduni ni Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 2002, ambayo hufundisha udi, kanuni, fidla na ngoma kwa pamoja, na ambayo wahitimu wake wameunda vikundi vidogo vinavyosafiri, kama Siti and the Band. Wahitimu hao wana cheti, lakini wanapohesabu nauli za ndege hurudi kwenye hesabu ya zamani ya wangapi waende, na hesabu hiyo aghalabu huelekea kwenye idadi ndogo.

Tangu mwaka 2013 Kaunti ya Kwale imekuwa na serikali yake, hivyo kuna mwenye shughuli mpya anayeweza kukodi vikundi kwa sherehe zake, na misitu ya kaya za Wamijikenda, ikiwemo Kaya Kinondo ya Diani, iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, jambo lililowafanya viongozi kuziona ngoma za jadi kuwa mali yenye thamani ya kuonyeshwa. Harusini, hata hivyo, mshindani wa kundi la watatu si okestra bali kijana mmoja mwenye kinanda cha umeme, ambacho kimehifadhi ndani yake sauti ya vumi, ya chapuo na hata ya zumari, na mwenye shughuli anayelipa mtu mmoja badala ya watatu hafanyi jambo geni katika historia hii. Kinanda hicho kinahitaji umeme, meza na spika, kwa hiyo hakiwezi kumsindikiza bwana harusi anapotoka kwao kwa miguu kwenda kwa bibi harusi, na kwa safari hiyo tu wapiga zumari na ngoma bado wanaitwa, wanalipwa malipo ya njiani, na kazi yao inaisha mlangoni.